Picha ya Mgonjwa Ipatikane Kesho: Kujifunza Usimamizi wa Mifumo ya Picha za Tiba Lubumbashi

Mgonjwa anayetoka Katuba au Ruashi kwenda kumwona daktari mjini mara nyingi hubeba bahasha kubwa. Ndani yake mna filamu ya kifua ya mwaka huu, pengine na ya mwaka juzi, zimepinda na kushikana kwa unyevu. Bahasha ikilowa mvua au ikisahaulika ndani ya teksi, historia ya mapafu yake imekwenda nayo. Daktari ataagiza picha nyingine, familia italipa upya, na mwili utapokea mionzi kwa mara nyingine.

Mashine za kidijitali zimepunguza filamu, lakini tatizo halijaisha, limehamia tu mahali pasipoonekana. Mashine ya eksirei ina diski yake, skana ina yake, ekografia ina yake, na hazizungumzi. Diski ikijaa, fundi wa zamu hufuta picha za zamani ili apate nafasi ya mgonjwa aliye mlangoni. Hana kosa, kwa sababu hakuna aliyempa njia nyingine. Njia hiyo ipo na inaitwa PACS: ni mfumo unaopokea picha kutoka mashine zote za hospitali, kuzihifadhi mahali pamoja, na kumwezesha daktari kuzifungua kwenye kompyuta yake, za leo na za miaka iliyopita. Mtu anayeuweka mfumo huo, anayeulinda na kuufanya utumike kila siku ndiye msimamizi wa mifumo ya picha za tiba. Makala haya yameandikwa kwa kijana wa Lubumbashi, Likasi au Kipushi anayetaka kazi hiyo, na kwa mkurugenzi wa hospitali anayetafuta wa kumpeleka kusoma.

Mkoa wetu wa Haut-Katanga una sababu yake ya pekee ya kuitaka kazi hii. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na baadaye chini ya Gécamines, mkoa huu umeishi kwa migodi, na mgodi una vumbi. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe hujengeka polepole kwa miaka mingi. Picha moja ya kifua cha mchimbaji inasema machache. Picha tano za mtu yule yule, zilizopigwa kwa miaka kumi na kuwekwa ubavu kwa ubavu, zinasema mengi. Shirika la Kazi Duniani lina utaratibu wake wa kuzipanga picha hizo kwa daraja za ugonjwa, na toleo la mwaka 2011 liliufungulia mlango usomaji wa picha za kidijitali. Tena Kongo imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisaidie kusoma eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Programu hizo hula picha za kidijitali zilizopangwa vizuri. Pasipo mtu wa kuzipanga, hazina kitu cha kusoma.

Kazi hii ina milango miwili, na yote iko mjini hapa. Wa kwanza ni wa wale waliosomea afya. Mafundi wa picha za tiba nchini hutoka hasa katika taasisi za juu za ufundi wa tiba, ISTM, na wengine wanatokea upande wa tiba pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mlango wa pili ni wa watu wa kompyuta: École Supérieure d'Informatique Salama, shule ya Wasalesiani, hufundisha mitandao na mifumo, na chuo kikuu nacho kina masomo ya kompyuta. Kabla ya kujiandikisha popote, nenda ofisini uombe orodha ya masomo ya mwaka huu, kwa sababu mpango mpya wa digrii, LMD, umebadilisha mitaala mingi na maneno ya mwaka juzi yanaweza kukupoteza.

Sijui kozi ya digrii yenye jina la kazi hii ambayo ningekuelekeza hapa Lubumbashi. Utaichanganya mwenyewe: nusu afya, nusu kompyuta. Kama ningelazimika kuchagua, ningemchukua fundi wa radiolojia na kumfundisha mtandao. Anwani za IP, swichi, ngome ya mtandao na amri za Linux hujifunzwa na mtu yeyote mwenye bidii. Jicho linalotambua kwamba picha hii ni ya goti la kulia wakati karatasi inasema la kushoto, au linalojua kwa nini daktari wa upasuaji hawezi kungoja dakika 10, hupatikana chumbani mwa eksirei tu. Kijana wa kompyuta asivunjike moyo kwa hilo. Aombe staji katika idara ya radiolojia, akae pale kwa miezi, aangalie mgonjwa anavyoingia, jina linavyoandikwa, picha inavyopigwa, ripoti inavyotoka. Asiguse seva hata moja mpaka aweze kuieleza safari hiyo yote bila kusitasita.

Katika mambo ya kujifunza, DICOM hutangulia. Hii ndiyo kanuni ambayo mashine za picha za tiba duniani hutumia kuzungumza. Kazi yake ilianza mwaka 1983, pale chama cha madaktari wa radiolojia cha Marekani na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme vya nchi hiyo walipoketi pamoja, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na lugha yake na hospitali zilikuwa zimefungwa kwa muuzaji mmoja. Kanuni yao ya kwanza ilitoka mwaka 1985, na mwaka 1993 ikapata umbo na jina tunalolijua sasa. Faili ya DICOM hubeba picha pamoja na maelezo yake: jina la mgonjwa, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, aina ya mashine, tarehe na saa ya kipimo. Kila taarifa ina namba yake ya mahali. Jina la mgonjwa liko 0010,0010 na namba yake 0010,0020. Namba ya ombi la kipimo iko 0008,0050. Hizo tatu zishike kwa moyo. Utazitafuta kila wiki ya maisha yako ya kazi.

Kisha kuna mazungumzo yenyewe. C-ECHO huuliza tu kama mashine ya upande wa pili inasikia. C-STORE hupeleka picha. C-FIND hutafuta, C-MOVE huagiza picha zihamishwe kwenda kituo kingine. Kila kifaa hujitambulisha kwa jina liitwalo AE Title, lisilozidi herufi 16, na herufi kubwa na ndogo zina tofauti. Picha zinapokataa kwenda, sababu mara nyingi huwa ndogo mno: jina hilo limekosewa herufi moja, mlango wa mtandao umeandikwa 104 badala ya 11112, au ngome ya mtandao ya kompyuta imefunga njia. Mwanafunzi aliyezoea kukagua hayo matatu kwa utaratibu, kabla hajapiga simu kwa mhandisi wa Johannesburg au Ulaya, ameshaokoa fedha za hospitali.

Huduma mbili nyingine huachwa nyuma, nami naziona kuwa ndizo zenye faida kubwa zaidi kwetu. Moja ni orodha ya kazi, inayopeleka jina la mgonjwa kutoka mapokezi hadi kwenye skrini ya mashine, ili fundi achague badala ya kuandika. Nyingine ni uthibitisho wa hifadhi: mashine huuliza ghala kama kweli limezishika picha zote, na mpaka jibu lije, hairuhusiwi kuzifuta. Mahali penye umeme wa kukatika, huduma hiyo ya pili ni lazima.

Habari njema ni kwamba maabara ya kujifunzia haihitaji hospitali wala fedha nyingi. Kompyuta moja ya mezani iliyotumika na laptopu moja zinatosha. Pakua Orthanc, ghala la picha lisilolipiwa lililoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu ya Liège, Ubelgiji, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2012. Ni jepesi, linakaa kwenye Windows na kwenye Linux, na hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida kupitia mlango 8042, huku picha zikiingilia mlango 4242. Kwenye laptopu weka Weasis, programu ya kutazamia picha iliyozaliwa Geneva. Picha za mazoezi usizichukue kwa wagonjwa wa mtu. Ziko nyingi zilizoondolewa majina katika The Cancer Imaging Archive, ghala la umma la picha za saratani, na zinapakuliwa bure. Weka pia DCMTK kutoka taasisi ya OFFIS ya Oldenburg, Ujerumani, ambayo amri zake echoscu, storescu na findscu zitakufundisha mazungumzo yale neno kwa neno.

Vikishaungana, vivunje. Badilisha herufi moja ya AE Title uone ujumbe wa kosa unavyosema. Zima kompyuta ya ghala katikati ya kutuma. Tuma kipimo kile kile mara mbili. Badilisha jina la mgonjwa ndani ya Orthanc, uone kwamba ghala linakutengenezea nakala mpya yenye vitambulisho vipya huku ya zamani ikibaki. Asiyejua hilo huacha wagonjwa wawili mahali pa mmoja, au hufuta ile iliyotakiwa. Andika daftari la kila kosa na dawa yake. Siku ya kuomba kazi daftari hilo litakusemea kuliko vyeti vingi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitakufundisha, nalo ndilo litakalokula muda wako mwingi hapa Lubumbashi: majina.

DICOM hugawa jina la mtu katika sehemu tano zinazotenganishwa kwa alama maalumu: la ukoo, la kupewa, la kati, cheo cha mbele na cha nyuma. Mkongo ana jina, postinomu (jina la pili, linalofuata lile la kwanza) na prenomu (jina la kupewa), mpangilio uliokolea tangu siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Postinomu iende wapi? Ukiwauliza mafundi watatu wa zamu tatu, watakupa majibu matatu, na kila mmoja atakuwa amekuwa akiandika kwa njia yake. Matokeo ni mgonjwa mmoja mwenye majalada matatu. Ongeza tahajia: Ngoy na Ngoie, Mukalay na Mukalayi. Ongeza kwamba Ilunga, Kasongo, Kabwe na Mwamba wamejaa kila mtaa, hata wawili wenye jina na postinomu sawa wanaweza kukaa kwenye benchi moja asubuhi moja. Hatari ya majalada matatu ni kupoteza historia. Hatari ya majina mawili kuingia jalada moja ni mbaya zaidi: mtu atapewa dawa ya kifua kikuu cha mwenzake.

Kwa hiyo jina lisiwe ufunguo. Ufunguo uwe namba, moja kwa kila mtu kwa maisha yake yote katika hospitali ile, itolewayo mapokezi na kuandikwa kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani. Kanuni ya kuandika majina iandikwe ukurasa mmoja, ikubaliwe na mkurugenzi, ibandikwe penye kila kibodi: jina kwanza, prenomu katika sehemu ya pili, postinomu katika ya tatu, herufi kubwa zote, bila alama za matamshi. Si lazima iwe hiyo niliyoitaja, ila iwe moja. Karani afundishwe kuuliza kwa adabu na kwa ukamilifu: «Mama, naomba kadi yako ya kura. Jina lilivyoandikwa hapa ndilo tulilokuandikia mara ya kwanza?» Kadi ya kura ndiyo kitambulisho ambacho watu wengi wanacho mfukoni, basi tahajia yake ndiyo itumike. Kwa mtoto, chukua pia jina la mama. Kwa mzee anayejua mwaka wake wa kuzaliwa tu, hospitali nyingi huandika tarehe 1 Januari; hakuna ubaya, mradi kila mtu ajue kwamba siku hiyo haimtofautishi mtu na mwingine.

Na majeruhi wa ajali ya barabara ya Likasi, aliyeletwa usiku hajitambui? Apewe namba ya muda iliyoandaliwa mapema, kisha jina lirekebishwe ndugu wakifika. Msimamizi ndiye anayefanya marekebisho hayo, anaandika nani aliyaomba, lini, na kwa ushahidi gani. Zaidi ya yeye na msaidizi wake mmoja, asiwepo mwenye ruhusa ya kuunganisha au kutenganisha majalada.

Saa nayo ina mtego wake. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kompyuta iliyoandaliwa Kinshasa ikaletwa hapa bila kurekebishwa itaandika kwamba skana ya saa nne ilipigwa saa tatu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, au katika kesi ya polisi, saa moja ni jambo kubwa. Mashine zilizotumika kutoka Marekani huweka mwezi kabla ya siku kwenye skrini, na fundi huandika 03/07 akidhani ni tarehe 3 Julai. Chagua seva moja iwe mama wa saa, mashine zote zimfuate, na ukague kila mwezi.

Kuhusu umeme, hakuna wa Lubumbashi anayehitaji kuelezwa habari za SNEL, shirika la umeme. Lakini elewa madhara yake kwa ghala la picha. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta huzimika ikiwa katikati ya kuandika, na hifadhidata inaweza kuharibika wakati picha zenyewe ni nzima. Onduleri, kile kisanduku cha betri, hainunuliwi ili kazi iendelee usiku kucha. Inanunuliwa ili seva ipate dakika za kujizima kwa utaratibu, au jenereta ipate nafasi ya kuwaka. Iunganishwe na seva kwa kebo ya data ili iiamuru seva izimike. Onduleri nyingi zinakaa chini ya meza bila kebo hiyo, zikingoja mtu akimbie kuzima kwa mkono. Swichi ya mtandao nayo iwekwe kwenye onduleri. Katika majira ya mvua linda nyaya dhidi ya radi. Kiangazi kikija na vumbi lake jekundu, safisha feni na vichujio, maana seva iliyoziba hupata joto na diski zake hufa mapema.

Ukubwa wa hifadhi hupigiwa hesabu, haukisiwi. Kipande kimoja cha skana kina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2, yaani karibu nusu megabaiti. Kipimo cha vipande 400 ni takribani megabaiti 210. Eksirei moja ya kifua yenye nukta 2,500 kwa 2,000 ni megabaiti 10. Chukua hospitali ya kati yenye eksirei 30 na skana 8 kwa siku: ni karibu gigabaiti 2 kila siku, na kwa siku 300 za kazi ni gigabaiti 600 kwa mwaka. Mbano usiopoteza ubora hupunguza mzigo huo hadi nusu au chini yake. Mbano unaopoteza ubora usiuguse bila idhini ya daktari wa radiolojia. Hesabu hiyo hiyo hukuambia pia kama wazo la kutuma picha kwa msomaji aliye mbali linawezekana: megabaiti 210 kwenye njia ya kupandishia yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua dakika 14, mtandao ukiwa mtulivu. Kwa eksirei inafaa kabisa. Kwa skana ya dharura, mpigie daktari simu kwanza.

Diski nyingi zilizounganishwa ndani ya seva moja hukulinda diski moja ikifa. Hazikulindi dhidi ya mwizi, moto, radi au kirusi. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo: diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, ikafungiwa kabatini mahali pengine pa hospitali. Kila robo mwaka chagua mgonjwa mmoja wa zamani, zirudishe picha zake kutoka kwenye nakala hadi kompyuta tupu, na uhakikishe zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Usalama wa siri za watu hauna mjadala. Mwezi Septemba 2019 kampuni ya Kijerumani ya Greenbone ilitangaza kwamba imekuta maghala ya picha za tiba yaliyoachwa wazi kwenye intaneti katika nchi 52, yenye rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni 24. Hapakuhitajika ujuzi wa kuvunja kufuli; milango haikuwa na kufuli. Ghala la hospitali lisionekane kutoka nje hata kidogo. Daktari anayetaka kusoma akiwa nyumbani apitie njia iliyofungwa ya VPN, na kila mtu awe na jina lake na nywila yake. Nywila moja ya «radio» inayojulikana na idara nzima ni sawa na hakuna. Kongo ina sheria za kushika hapa: kanuni ya adhabu, kifungu cha 73, hulinda siri ya kazi, na Kanuni ya Dijitali, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, hulinda data binafsi, za afya zikiwemo. Zisome zote mbili.

Vipi kuhusu WhatsApp? Madaktari hupiga picha ya skrini kwa simu na kutumiana, na wanafanya hivyo kwa sababu mgonjwa anaumia na hawana njia ya haraka zaidi. Ukiwakataza tu, watafanya kwa kificho. Wape njia rahisi: kitufe cha kutoa picha isiyo na jina wala namba, na ukurasa wa kutazamia unaofunguka kwenye simu kupitia VPN. Msimamizi mzuri hupima kazi yake kwa hilo.

Mashine nyingi za mkoa hununuliwa zikiwa zimeshatumika. Hapa ujuzi wako unaweza kuiokolea hospitali maelfu ya dola kabla hujaajiriwa rasmi. Muuzaji aulizwe kabla ya kulipwa: leseni za kutuma picha na za orodha ya kazi zimo, au zitauzwa kando? Tamko la DICOM la mashine hiyo liko wapi? Hati hiyo kila mtengenezaji huitoa, na ndani yake mmeandikwa mashine inaweza nini na haiwezi nini. Nywila za mafundi zitakabidhiwa? Mashine iliyofika mpakani Kasumbalesa bila leseni ya kutuma picha itabaki kisiwa, na leseni ya baadaye inaweza kuwa ghali kwa namna ya kuumiza.

Vyeti vya kimataifa vipo. Shirika la Kimarekani la ABII, lililoanzishwa mwaka 2007, hutoa cheti cha CIIP. Ili kuingia mtihani lazima ufikishe alama saba zinazotokana na elimu, uzoefu na mafunzo yako. Shirika jingine, PARCA, nalo lina ngazi zake, ya kuanzia ikiitwa CPAS. Mitihani hii ni kwa Kiingereza, kama zilivyo hati nyingi za DICOM, kwa hiyo anayesoma kwa Kifaransa ajizoeze Kiingereza cha kusoma mapema. Ushauri wangu: usilipie mtihani mwaka wa kwanza. Pata kwanza mwaka mmoja au miwili ya kazi halisi, hata ya kujitolea, ndipo cheti kikufae ukiomba nafasi katika hospitali ya kampuni ya mgodi au kwa wauzaji wa vifaa wanaohudumia Zambia na Kongo pamoja.

Ajira yenyewe haitatangazwa kwa jina hili. Itafute ndani ya nafasi nyingine: fundi wa kompyuta wa hospitali, fundi wa radiolojia, mhandisi wa vifaa vya tiba. Lubumbashi ina Hospitali ya Jason Sendwe, ina kliniki za chuo kikuu, ina hospitali za Gécamines na zahanati binafsi zinazoongezeka, na popote penye mashine mbili za kidijitali pana kazi hii, hata kama haijapewa mtu. Unapokwenda kwa mkurugenzi, usianze na neno PACS. Omba ruhusa ya kukaa wiki moja radiolojia ukihesabu: vipimo vingapi vilirudiwa kwa sababu picha ya awali haikupatikana, filamu ngapi zilitumika, daktari alingoja muda gani kuona picha. Rudi na karatasi moja yenye takwimu hizo na pendekezo la kuunganisha mashine moja tu, ya eksirei, kwa miezi mitatu, kwa kompyuta na onduleri ambazo hospitali tayari inazo. Taja katika karatasi hiyo nani atashika zamu yako ukiugua, kwa kuwa swali hilo mkurugenzi makini ataliuliza. Miezi mitatu ikipita salama, na picha ya mgonjwa wa siku ya kwanza bado inafunguka kwa sekunde chache, unganisha skana.